Tumbusi Hajawahi Kunyakua Ploti

Kila bwanyenye akizungushia ufuo ukuta huku Kilifi, watu wanamwita tumbusi. Jamani, ndege amekosa nini?

Chukua tumbusi mwenye ndevu, yule wa milimani. Huku Malindi humpati. Mabawa yake yakikunjuka ni kama mita 2 na nusu, na mdomoniananing'inia manyoya meusi. Chakula chake kikuu ni mifupa, yaani anakula wenzake wakishamaliza nyama. Mfupa mdogo anaumeza mzimamzima. Mkubwa anaupeleka juu, anauachilia mwambani upasuke.

Na sisi? Simba akiua ng'ombe, mtu anamwagia mzoga sumu ya wadudu, tumbusi wanakufa kwa makumi. India waliangamia kuanzia miaka ya 1990 kwa dawa ya mifugo, diklofenaki. Mizoga ikabaki inaoza, mbwa koko wakazidi, na mbwa huleta kichaa.

Kwa hivyo mnyakuzi mwiteni mnyakuzi, tena kwa jina lake. Tumbusi akiondoka, mahali pamebaki safi. Mnyakuzi anaacha geti, soja, na mvuvi asiye na njia ya kufika baharini.