Kazi ya mkono si cheti cha ukweli

Wasee, hii hadithi imenichosha: ati picha za zamani zilikuwa za ukweli, uongo umeletwa na filta na akili unde. Na mtu akitaka kushinda huo mjadala, anataja zile zilizotengenezwa kwa mkono, kama fotogravia.

Sawa, tuongee fotogravia. Unachukua bamba la shaba, unalinyunyizia vumbi laini la ulimbo, unalipasha moto vumbi lishike. Unabandika jelatini iliyopigwa mwanga kupitia picha, unaosha na maji moto, halafu unatia kemikali inayokula shaba. Penye giza inakula sana, penye mwanga kidogo tu. Unapaka wino, unapangusa, unapitisha kwa mashine na karatasi yenye unyevu. Weusi unaotoka hapo ni kama mahameli. Karel Klíč aliikamilisha hii mbinu Vienna mwaka wa 1879, na si uongo, ni tamu.

Sasa mcheki Edward Curtis wa Marekani. Kati ya 1907 na 1930 alitoa The North American Indian, majuzuu 20, fotogravia zaidi ya 2,200. Mwaka wa 1910 aliwapiga picha Wapiegan wawili ndani ya hema, Little Plume na mwanawe Yellow Kidney. Katikati yao kulikuwa na saa. Kwa fotogravia iliyochapishwa, saa haipo! Picha yenye saa iko Maktaba ya Bunge la Marekani, kajionee.

Mbona aifute? Curtis alikuwa anauza hadithi ya watu wanaotoweka, na mtu mwenye saa anaonekana ni wa leo kama mnunuzi mwenyewe. Ikabidi saa iende. Na hao watu hawakutoweka, wako Montana mpaka sasa.

Usiwacheke Wamarekani. Ni lini umeona moran kwa kalenda ya watalii akiwa ameshika simu? Na simu anayo.

Kwa hivyo wacheni kuniambia picha ni ya kweli juu ilitengenezwa pole pole na mtu mwenye wino kwa vidole. Hakukuwa na kompyuta 1910, na saa ilifutwa. Uliza nini kimetolewa, nani alikitoa, na nani alilipwa. Ukishajibiwa, ndipo usifie ule weusi.