Dhahabu Hupimwa, Masikio ya Mchimbaji Je?

Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita wako wananchi wanaoitwa wakaidi, wenye majivuno, au hata waliorogwa, kumbe shida yao ni moja tu: hawasikii sawasawa. Mke huita mara tatu asijibiwe. Mwenyekiti wa kijiji huuliza jambo, naye mzee aliyetumikia machimboni miaka kumi na mitano hujibu jingine, na mkutano mzima ukaangua kicheko. Tabia hii ya kucheka na kulaumu haina budi ikome, kwa sababu uziwi wa namna hii una chanzo kinachojulikana na kipimo kinachoufichua.

Chanzo chenyewe ni kelele. Ndani ya sikio, katika kiungo kilichojiviringa mfano wa konokono, mna chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000 ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kupelekwa kwenye ubongo. Kelele kubwa ya muda mrefu huzichosha, kisha huziua, na zikishakufa hazioti tena. Wataalamu wa afya kazini huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya kelele huwa maradufu na muda wa usalama hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, kwenye desibeli 100, ambazo mashine ya kutoboa miamba huzipita kwa urahisi, muda huo ni dakika 15 tu.

Ubaya wa uziwi huu ni kwamba hauumi. Huanza kwa kula sauti nyembamba na kuziacha zile nzito. Irabu zinasikika, lakini f, s na t zinapotea. Kwa mtu huyo maneno "fika", "pika" na "shika" huwa kama neno moja. Anajua kwamba anasemeshwa, ila hajui anaambiwa nini. Nyumbani jambo hilo huleta ugomvi. Shimoni, onyo moja lisiloeleweka laweza kuondoa uhai.

Kipimo chake si cha kutisha. Mpimwaji huketi katika chumba kidogo kisichoingiza kelele, huvishwa visikilizio, naye hubonyeza kitufe kila asikiapo mlio, hata uwe hafifu namna gani. Kila sikio hupimwa peke yake, kwa milio minene hadi myembamba, na majibu huchorwa kwenye chati. Kelele huacha alama yake pale: mstari huporomoka karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde, kisha huinuka kidogo kwenye 8,000. Kifaa kingine huwekwa juu ya mfupa nyuma ya sikio ili kubainisha kama kasoro imo ndani kabisa, au inatokana na nta au usaha, ambavyo hutibika.

Utafiti wa wachimbaji wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta karibu nusu ya waliopimwa wamedhurika na kelele. Sheria tunazo. Ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yadai wafanyakazi wapimwe afya, na ile ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 yampa haki aliyeumia kazini. Lakini fidia hutaka ushahidi, na ushahidi wa sikio ni chati ya siku ya kwanza kazini ikilinganishwa na ya siku ya mwisho. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 ukaukoma mwaka 2021. Mgodi hufungwa, mfanyakazi hurudi kwao na masikio yale yale. Asiyekuwa na chati yake atadai kwa nani, na kwa hoja ipi?

Hali ya mchimbaji mdogo ni nzito zaidi. Kule Rwamgasa au Mwakitolyo, kijana hushinda kando ya karasha bila kizibo cha sikio. Wengi wao hulipwa kwa mgao wa mawe, si kwa mshahara. Hawana mkataba wala mwajiri wa kuwapeleka kupimwa. Tangu mwaka 2019 tumefungua masoko ya madini ambako dhahabu yao hupimwa hadi sehemu ndogo ya gramu. Masikio ya aliyeichimba hayapimwi hata mara moja! Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba msingi wa maendeleo ni watu, wala si fedha. Basi halmashauri zinazopokea ushuru wa huduma kutoka migodini zitenge sehemu yake kununua vipimio vya kubebeka, vizunguke machimboni pamoja na vizibo vya masikio.

Walimu nao wana wajibu. Si kila uziwi hutoka mgodini. Mtoto mwenye sikio litoalo usaha huweza kukaa nyuma ya darasa akaitwa mjinga mwaka mzima. Mwalimu amsogeze mbele, kisha amwandikie barua ya kwenda hospitali kabla ya kushika fimbo. Mtumishi wa umma naye, anaposimama mbele ya mwananchi asiyejibu, na aulize kwanza kama amesikika.