Wittenberg: Mji wa Chuo na Nyumba ya Mama Katharina

Mwezi huu tunawapeleka mbali kidogo, hadi Wittenberg, mji mdogo wa Ujerumani ulio kando ya mto Elbe. Kutoka Berlin kwa treni ya mwendo wa kasi, safari haimalizi saa nzima. Wengi wetu jina la mji huu tulilisikia kwanza katika mafundisho ya kipaimara, tulipokariri Katekisimo Ndogo ambayo Dakta Martin Luther aliitoa mwaka 1529. Hivyo tulikwenda tukiwa na hamu ya kuona ule mlango wa kanisa unaotajwa kila mwaka Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa ifikapo. Mlango tuliuona. Lakini aliyetukaa moyoni zaidi ni mke wake.

Mji wenyewe hauchoshi miguu. Ni kama barabara moja ndefu ya mawe, karibu kilomita moja na nusu, Kanisa la Ngome likiwa upande mmoja na nyumba ya Luther upande wa pili. Katikati kuna soko, kanisa la mji na nyumba ya Melanchthon. Mama mwenye viatu vya chini aweza kuutembea mara mbili kwa siku moja na bado akapata nafasi ya kukaa akanywa chai.

Chuo kikuu kilianzishwa mwaka 1502 na Frederick, mtawala wa Saksonia. Mwaka 1512 Luther akawa mwalimu wa Biblia, na mwaka 1518 akaja Philipp Melanchthon, kijana wa miaka 21, kufundisha Kiyunani. Basi wanafunzi wakamiminika kutoka nchi nyingi katika mji ambao haukuwa na vyumba vya kuwatosha. Hata Shakespeare alipotunga habari za Hamlet alimfanya kuwa mwanafunzi wa Wittenberg. Chuo hicho kilifungwa mwaka 1813 wakati wa vita vya Napoleon, na mwaka 1817 kikaunganishwa na kile cha Halle. Ukitaka kuona wingi wa wanafunzi siku hizi, nenda Halle.

Na hapo Halle kuna habari ambayo hatuwezi kuipita. Mwaka 1754 chuo chake kilimpa udaktari wa tiba mwanamke aitwaye Dorothea Erxleben, wa kwanza katika Ujerumani kuupata. Alikuwa mke wa mtumishi wa kanisa aliyefiwa na mke akiwa na watoto watano, na yeye mwenyewe akazaa wanne. Hesabu wewe, mama, watoto tisa na vitabu vya tiba! Wanawake waliomfuata kwa njia hiyo walingoja sana. Vyuo vikuu vya Ujerumani vilianza kuwaandikisha wanawake kama wanafunzi kamili kuanzia mwaka 1900.

Turudi kwenye mlango. Ule wa mbao wa mwaka 1517 haupo tena, uliungua katika vita mwaka 1760. Uliopo ni wa shaba nyeusi, uliwekwa mwaka 1858, na zile hoja 95 zimeandikwa juu yake kwa Kilatini. Ndani ya kanisa kuna makaburi ya Luther na Melanchthon, marafiki wawili wa chuo, hawako mbali mmoja na mwenzake. Kaburi la Katharina halimo. Hilo tutalieleza.

Kanisa la mji, ambamo Luther alihubiri mara nyingi, lina madhabahu yenye picha kubwa za Lucas Cranach, iliyowekwa mwaka 1547. Kuna picha inayomwonyesha Luther akihubiri, akimnyoshea kidole Kristo msalabani, na kati ya wasikilizaji ameketi mama mwenye mtoto. Kwa desturi watu husema huyo ndiye Katharina. Lakini nje ya kanisa hilohilo, juu ukutani, kuna mchongo wa miaka ya 1300 hivi unaowatukana Wayahudi kwa mfano wa nguruwe. Luther naye mwaka 1543 aliandika maneno mabaya sana juu ya Wayahudi. Mwaka 1988 liliwekwa chini yake jiwe la kumbukumbu la majuto, na mwaka 2022 mahakama kuu ya Ujerumani ikaamua kuwa mchongo waweza kubaki. Sisi tulisimama pale tukaona haya. Anayewapeleka vijana wa kwaya asiwavushe haraka haraka.

Sasa tuingie nyumbani. Nyumba ya Luther ilikuwa monasteri ya watawa wa kiume, jengo refu ajabu, nasi tulijiuliza ni nani aliyelifagia. Katharina von Bora alizaliwa mwaka 1499, akapelekwa kwa watawa angali mtoto mdogo, na akiwa na miaka 16 akaweka nadhiri. Usiku wa Pasaka mwaka 1523 yeye na wenzake walitoroka kwa gari la mfanyabiashara mmoja wa Torgau aliyezoea kupeleka samaki kule kwao. Tisa kati yao wakafikishwa Wittenberg. Wenzake waliolewa au walirudi kwa ndugu, naye akabaki hadi tarehe 13 Juni 1525 alipoolewa na Luther, yeye ana miaka 26 na bwana ana 41. Mji husherehekea arusi hiyo kila mwezi wa Juni, watu wakivaa mavazi ya zamani na kupita barabarani kwa ngoma. Inapendeza, ingawa arusi ni siku moja na kazi ilianza kesho yake.

Na kazi ilikuwa nyingi. Luther alikuwa mtu wa kutoa. Akipata kikombe cha fedha alitaka kumpa mtu, na malipo ya vitabu vyake hakuyataka. Kwa hiyo Katharina aliyageuza makao yale ya watawa kuwa bweni. Wanafunzi walikaa na kula kwa malipo, na pamoja nao wageni, wakimbizi, yatima wa ndugu, na Shangazi Lene aliyekuwa mtawa zamani. Mezani waliweza kufika watu 30 au 40. Aliamka saa kumi alfajiri, na mume akamwita nyota ya asubuhi ya Wittenberg. Alipanda bustani, alifuga nguruwe, ng'ombe na kuku, alikuwa na bwawa la samaki, alipika bia (akina mama wa umoja msishtuke, kwao hicho kilikuwa kinywaji cha kila siku), na mwaka 1540 likapatikana shamba la Zülsdorf lililokuwa la jamaa zake, naye akalisimamia mwenyewe. Luther kwa utani alimwita "Bwana Käthe". Miaka ya 2004 na 2005 wachimbaji walifukua takataka za jikoni katika uwanja wa nyumba hiyo: mifupa ya wanyama, vyungu, vyombo vya mezani. Wataalamu waliziosha na kuzihesabu. Jalala la mama mwenye nyumba limewaambia wasomi mengi ambayo vitabu havikusema.

Maana vitabu vinamsikia mume. Wanafunzi waliokaa mezani walikuja na kalamu, wakaandika kila alilosema Dakta huku supu ikipoa, na mwaka 1566 mazungumzo hayo ya mezani yakachapwa kuwa kitabu kikubwa. Aliyeipika supu husikika humo kidogo tu, mara nyingi anapotaniwa. Barua za Luther kwa mkewe zimehifadhiwa, nyingine nzuri sana za mapenzi na mzaha. Za Katharina kwa mumewe haijabaki hata moja.

Katika nyumba hiyo kuna chumba cha Luther chenye kuta za mbao, meza na jiko la kuota moto. Mwaka 1712 mfalme Petro Mkuu wa Urusi alipita hapo akaandika jina lake kwa chaki juu ya mlango, na mpaka leo limefunikwa kwa kioo. Mtoto wako akifanya hivyo sebuleni unajua atakachopata. Nje kuna mlango wa mawe ambao Katharina aliagiza uchongwe mwaka 1540 kwa ajili ya mumewe, wenye viti viwili vya mawe pande zote mbili, vya watu kukaa na kuongea jioni. Upande mmoja pana sura ya Luther, upande wa pili pana ua la waridi lililokuwa alama yake. Sura ya mama haipo. Sanamu yake ya shaba iliwekwa uwanjani mwaka 1999, miaka 500 tangu kuzaliwa kwake.

Walizaa watoto sita. Elisabeth alikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na Magdalena alikufa mwezi Septemba 1542 akiwa na miaka 13, mikononi mwa baba yake, mama akiwa chumba hichohicho. Mwaka huohuo, mwezi Januari, Luther alikuwa ameandika wosia. Hapo, akina mama, ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine.

Kwa sheria ya Saksonia wakati ule, mjane hakuwa mrithi wa mumewe. Alipata sehemu ndogo, na alipaswa kuwa chini ya msimamizi mwanamume. Luther hakutaka hivyo. Aliandika kwa mkono wake kwamba Katharina apate shamba la Zülsdorf, nyumba ndogo mjini, na vikombe na mapambo ya thamani, na kwamba yeye ndiye awalee watoto. Sababu aliieleza wazi: amekuwa mke mwaminifu, tena asije mama akaitazama mikono ya watoto, bali watoto waitazame mikono ya mama. Melanchthon, Bugenhagen na Cruciger wakatia sahihi kuwa mashahidi. Lakini Luther hakuwapenda wanasheria, na wosia ule hakuupitisha kwao.

Alifariki Eisleben tarehe 18 Februari 1546, mbali na nyumbani. Katika barua kwa wifi yake, Katharina alieleza kwamba hawezi kula, kunywa wala kulala. Na katika siku hizohizo za msiba wakubwa walikuwa wanajadili mali yake na wanawe. Gregor Brück, mshauri wa mtawala, hakutaka aachiwe mambo yote, akaona heri wavulana waondolewe kwake. Ilibidi mtawala mwenyewe aingilie kati. Aliukubali wosia, ila wakawekwa wasimamizi wanaume, wa mjane na wa watoto. Katharina alipigania kukaa na watoto wake, akakaa nao.

Tulipoisikia habari hiyo tulitazamana. Nani kati yetu hamjui mama aliyefika arobaini ya mumewe akakuta kufuli jipya mlangoni? Na marehemu alikuwa mtu mwema, aliyempenda, aliyesema mara nyingi mbele ya watu, "Hii ni ya mama watoto." Luther alipenda kuliko wengi na aliandika vizuri kuliko wote, na bado penzi lake lilihitaji mhuri. Kama bwana wako hajaandika wosia, au ameandika karatasi akaiweka ndani ya Biblia tu, mwombe mwende pamoja kwa mwanasheria au kwa ofisi ya msaada wa sheria mwulize nchi yenu inataka mashahidi wangapi na karatasi ihifadhiwe wapi. Si kumtakia mabaya. Mzungumzie jioni akiwa ameshiba.

Mateso ya Katharina hayakwisha. Vita ilikuja mwishoni mwa mwaka 1546, akakimbilia Magdeburg, kisha Braunschweig, na aliporudi mashamba yalikuwa yameharibiwa na mifugo haipo. Akafungua tena bweni. Mwaka 1552 tauni ikaingia mjini, chuo kikahamia Torgau, naye akafuata na watoto wake. Njiani farasi walishtuka. Akaruka kutoka garini, akaangukia mtaro wa maji baridi. Hakupona. Alifariki Torgau tarehe 20 Desemba 1552, akazikwa huko katika kanisa la Mtakatifu Maria. Ile nyumba kubwa ya Wittenberg warithi waliiuzia chuo mwaka 1564.

Kwa hiyo mwenye kwenda Wittenberg atenge siku moja zaidi kwa ajili ya Torgau, upande wa juu wa mto huohuo Elbe. Nyumba alimofia ina makumbusho madogo. Kanisani jiwe lake limesimama ukutani, mama mzima kwa kimo chake, amevaa joho refu na ameshika kitabu wazi mikononi. Pembeni ya kichwa kuna alama mbili, ya ukoo wa Luther na ya ukoo wa kwao. Maandishi yanaanza na tarehe, kisha mji, kisha yanamtaja Dakta Martin Luther na kwamba huyu ni mjane aliyemwacha, ndipo linakuja jina la Katharina.