Mwenye Forester Naye Ni Mtu wa Subaru, Lakini Soma Hii Kwanza

Kaa pale wanapoosha magari Migori au Homa Bay mjini Jumamosi alasiri, ubishi huu hutaukosa. Mwenye Impreza anamcheka mwenye Forester: "Wewe si mtu wa Subaru, wewe ni mtu wa SUV tu, umebahatika kupata beji ya nyota."

Mimi niko upande wa Forester. Kwanza, historia. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally ndani ya Impreza. Mwaka huohuo Subaru ikazindua Forester, na iliijenga juu ya msingi wa Impreza hiyohiyo: injini ya boxer, ambayo pistoni zake hulala ubavu na kurushiana ngumi kushoto na kulia, na nguvu inayofika magurudumu yote manne. Kwa hivyo unayemcheka ni binamu yako wa damu, msee. Alirefuka tu.

Pili, barabara zetu. Lami ya Rongo kwenda Homa Bay iko sawa, lakini shamba la babako haliko kwenye lami. Ukikata kona kuingia vijijini, mvua ya Aprili ikiwa imepita kwenye udongo ule mweusi, Impreza iliyoteremshwa springi inabaki ikikwaruza tumbo huku Forester ikipita polepole na gunia la omena nyuma. Gari la mbio lisilofika nyumbani kwenu ni picha ya ukutani.

Na usidhani haya ni ya Subaru pekee. Porsche walipotoa Cayenne mwaka 2002 mashabiki walilia kama wamefiwa, kumbe pesa za Cayenne ndizo zilizosaidia kuweka 911 hai. Hata Ferrari, waliosema hawatengenezi SUV, walileta Purosangue mwaka 2022. Kampuni hufuata pesa, na pesa ziko kwa mtu mwenye watoto na mizigo.

Lakini hapa ndipo napowageukia wenzangu wa Forester, kwa sababu kuna kampuni zinazokuuzia kumbukumbu tupu. Waulize wapenzi wa Mitsubishi. Tommi Mäkinen alishinda Safari mwaka 1996 na tena 2001 ndani ya Lancer. Leo Lancer Evolution haitengenezwi tena, na jina Eclipse, lililokuwa la gari la michezo, limebandikwa kwenye SUV inayoitwa Eclipse Cross. Subaru nao waliacha mbio za dunia mwishoni mwa 2008, na mwaka 2022 wakatangaza kwamba WRX mpya haitapata STI ya petroli. Forester iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2018 haina gia za mkono kabisa, ni CVT tu. Ni gari zuri la familia. Ila ukilinunua kwa sababu ya McRae, umelipia mtu ambaye hayumo ndani.

Ile Forester ya turbo yenye gia za mkono, ya miaka ya mwanzo ya 2000, haiingii tena. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Zilizobaki ni hizohizo zinazopita mkono hadi mkono, na bei inapanda kwa sababu ya jina. Kabla hujaweka logbuku ya mamako rehani, mlipe fundi anayeijua boxer, si yule wa Probox, aangalie gasketi za kichwa, ukanda wa taimingi na kama turbo inatoa moshi. Muuzaji akikataa gari likaguliwe, panda boda urudi nyumbani.

Jambo lingine hamlipendi lakini nitalisema. Forester si Impreza kwenye kona. Boxer inakaa chini na hiyo inasaidia, lakini mwili umeinuka, paa liko juu, na uzito ukishaanza kuegemea nje ya kona hauulizi umeweka beji gani. Vijana wanaichukua, wanafunga ekzosi ya kelele, kisha wanaikimbiza Rongo hadi Homa Bay usiku kana kwamba barabara imefungwa kwa ajili ya rali. Haijafungwa. Kuna boda bila taa ya nyuma, kuna ng'ombe, kuna mama anayetoka sokoni Rodi Kopany na beseni kichwani. McRae alikuwa na helikopta juu ikimwonya kilicho mbele. Wewe una rafiki kiti cha mbele anayerekodi video.

Ukitaka kujua gari lako linaweza nini, tafuteni uwanja au barabara ya ndani iliyofungwa kwa ruhusa, mchana, mtu mmojammoja. Klabu za magari ziko kwa kazi hiyo, si ya stika na fulana peke yake. Kaunti zetu mbili bado hazina mahali rasmi pa kufanyia hivyo, na hilo ndilo ningependa mlipigie kelele kwa MCA wenu, kwa sauti kubwa kuliko hizo ekzosi.