Vyuma vya Stoo: Tuuze au Tuweke?



Tangu kuingia Januari, watu wawili wa chama chetu hawakutani hapa Kinondo, kituoni wala dukani, ila mmoja humwuliza mwenziwe: vile vyuma vya stoo vyauzwa au vyawekwa? Jibu hutegemea nani aulizwa. Mwenye mtoto wa kupeleka shule asema viuzwe leo. Dereva wa trekta asema atakayeviuza aje avute plau kwa shingo yake mwenyewe. Juma lililopita nusura watu washikane mashati mbele ya mlango wa stoo, na kwa hiyo twaona ni wajibu wetu kusema maoni yetu kabla ya mkutano.

Wengi mwajua vyuma hivi vilitufikiaje. Mwenye shamba mmoja, ambaye hatumtaji, alipofunga kazi alikuwa adaiwa mishahara ya miezi. Badala ya fedha akawapa wenzetu trekta moja, Massey Ferguson 135, pamoja na vyote vilivyokuwamo stoo. Wakati ule tulisema, na leo twarudia: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mshahara ulipwe kwa fedha za Kenya, si kwa beringi na diski. Aliyebakiwa na madai asidhani yamefutika kwa kuwa alisaidia kubeba vyuma. Lakini ajue pia kwamba sheria hiyo yampa miaka 3 tu ya kwenda mahakamani, na siku zaenda. Hayo ni ya wakili. Vyuma viko, navyo ni jasho la watu, na swali lililo mbele yetu leo ni la vyuma.

Mnunuzi wa vyuma vikuukuu amekwisha kuja mara mbili na mizani yake. Angalieni, ndugu, hakuja Julai. Amekuja Januari, wakati wa karo, akijua mtu mwenye barua ya shule mfukoni habishani bei. Hatusemi ni mtu mbaya. Afanya biashara yake. Twasema tu kwamba yeye apima kilo, na kwake noseli ya injini na kipande cha reli ni kitu kimoja.

Wanaotaka kuweka wana ushahidi mkubwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mashamba ya karanga huko Kongwa, Tanganyika. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu na matrekta mapya hayakupatikana, basi wakanunua yaliyokwisha tumika, mengine yakitoka katika mabaki ya jeshi huko Ufilipino. Yalifika yamechoka, spea zake hazikutosha, na mafundi walikuwa wachache. Haukupita muda mengi yakasimama porini. Yalikuwako makosa mengine pia, udongo mgumu na mvua haba, lakini trekta bila spea lilikuwa kosa la kwanza. Mpango ule ukaachwa mwaka 1951, na hasara ilihesabiwa kuwa pauni milioni 36. Ikiwa serikali yenye meli na benki ilishindwa kulima kwa kukosa spea, je sisi?

Lakini wanaotaka kuuza nao wana ushahidi wao, tena wa hapa hapa kwetu. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichoanzwa miaka ya 1920, kilifungwa mwaka 1988. Wazee wengi wasomao ukurasa huu walifanya kazi huko au ndugu zao walifanya. Fikirini gurudumu la meno la kinu cha miwa. Siku kinu kinaposaga, gurudumu la akiba lawekwa kama dhahabu, maana bila hilo kazi yote yasimama. Kinu kikifungwa, gurudumu lile lile ni kilo za chuma tu. Halikuvunjika, wala halikupungua hata jino moja; mashine yake imekufa, basi. Mabaki ya Ramisi yalikaa miaka yakiliwa na kutu katika hewa hii ya chumvi, na kiwanda kipya cha sukari kilipojengwa Kwale, kilijengwa kwa mitambo yake mipya.

Kwetu sisi habari hizi mbili hazipingani. Zote zasema spea haina thamani yake yenyewe. Thamani yake ni ya mashine. Basi tusiulize mnunuzi atoa ngapi. Tushike kila chuma mkononi tuulize: mashine yake iko hai? Iko kwa nani? Na chuma hiki chaweza kungoja?

Tuanze na trekta letu. Massey 135 lilitoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 1964, na hata leo spea zake zatengenezwa na zapatikana Mombasa. Kwa hiyo wale wasemao tuweke kila kitu cha Massey hawana haki kabisa. Filta na mikanda ya feni haina haja ya kurundikwa. Tuweke ya msimu mmoja, kwa maana mpira katika joto letu hupasuka hata ukiwa haujaguswa na kazi. Diski za plau ni jambo jingine. Mlimaji wa bara aweza kuzitumia muda mrefu, lakini ardhi yetu ina mawe ya matumbawe chini kidogo tu ya jembe, nayo huzila diski kama msasa. Tusiuze hata moja. Noseli na pampu ya dizeli ziwekwe pia, maana siku ya kuzihitaji ni siku ya masika, na trekta likisimama siku tano mwezi wa Aprili, mvua haitungojei tuvuke Likoni tutafute nyingine. Beringi zilizo katika karatasi zake na grisi yake zikae. Zile zilizofunguliwa na watoto wa jirani, kutu imekwisha kuziingia.

Sasa spea za tingatinga. Tingatinga lenyewe halipo, liliondoka zamani, na hatuna nia ya kununua jingine. Hizi ndizo nzito kuliko zote, na ndizo mnunuzi wa kilo azitazamazo kwa jicho la huba. Ziuzwe, tena upesi, lakini zisiuzwe kwa mizani. Namba zake zimechongwa juu ya chuma. Fundi aziandike, na watu wawili waende Mombasa wawaulize mafundi wa tingatinga kama mashine za namba hizo zingali zafanya kazi. Zikipata mwenye mashine, zitauzwa kama spea. Zikikosa, hapo ndipo mizani ina haki yake, na mwenye mizani aonyeshe leseni. Sheria ya vyuma vikuukuu ya mwaka 2015 yataka hivyo, na mwaka 2022 biashara yote ilisimamishwa tangu Januari mpaka Mei kwa sababu ya watu kubomoa nyaya na milingoti ya umeme. Mfanyakazi akutwaye njiani na chuma kisicho na karatasi huitwa mwizi kabla hajafungua kinywa. Kila kitokacho stoo kitoke na barua ya chama.

Mbolea ya CAN imekwisha kuwa mawe. Hakuna atakayeinunua, lakini ikivunjwa yafaa shambani. Igawiwe kwa wenye kupanda mahindi masika haya. Dawa za wadudu haziuzwi wala hazigawiwi. Makopo mengine hata maandishi hayasomeki, na kuuza dawa bila leseni ni kosa. Asitokee mtu wa kuzimwaga au kuzichimbia shimo: mwamba wetu una matundu kama sponji, na kilichomwagwa leo kesho kimo kisimani. Aitwe ofisa wa kilimo, na mpaka aje, kona ile ifungwe.

Limebaki la fedha, nalo ndilo lililowafanya watu washikane mashati. Wengine wasema zigawiwe sawa kwa sawa. Wengine wasema zote ziwe mfuko wa trekta. Sisi hatuafiki lolote katika hayo. Vyuma hivi vilitolewa badala ya mshahara, basi fedha zake ni mshahara, na kila mtu apate kwa kadiri alivyodai: aliyedai miezi sita asilingane na aliyedai miwili. Warithi wa wenzetu waliokufa wapate fungu lao kamili, na majina yao yasomwe pamoja na ya walio hai. Spea zitakazowekwa ni fungu letu sote lililobaki ndani ya trekta, na kodi ya kulimia mashamba ya watu igawiwe kwa kadiri ile ile.

Twajua karo haingoji mafundi wa Mombasa. Mzazi ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani aandikishe jina kwa mweka hazina, alipwe kwanza katika fedha za tingatinga, na akatwe katika fungu lake. Hilo si sadaka wala upendeleo, na asionewe haya.

Mkutano ni Jumapili saa nne asubuhi, mbele ya stoo yenyewe, si ofisini. Fundi atasoma orodha, kitu kimoja kimoja, na kila kitu kitaamuliwa kwa mikono. Katibu aje na funguo zote mbili. Mwenye kuchukua chochote tangu Desemba, kwa ruhusa au bila ruhusa, akirudishe kabla ya Jumamosi magharibi, na hataulizwa neno.