Depo ni ya nani siku ya kuachana?



Juma hili tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja kwa sauti. Mama mmoja wa kikundi chetu anaachana na bwana yake, mwenye depo ya simenti na mabati. Ametupa ruhusa tusimulie, mradi tusitaje jina lake.

Walipoanza, depo ilikuwa meza moja ya misumari. Mama alitia hapo dola 400 za kirimba chake. Kwa miaka 11 aliuza, alipokea malori, alimjua kila mteja mwenye deni. Ugomvi ulipozidi alikuja kwetu, nasi tukamwambia: «Vumilia, mama, nyumba zote zina moshi.» Akavumilia miezi sita. Katika miezi hiyo mabati yalihamishwa usiku, na gari likaandikwa kwa jina la shemeji. Alipofika mbele ya hakimu, bwana alisema: «Depo imebaki madeni matupu.»

Hatusemi kwamba kuombea amani ni kosa. Tunasema tulimpa nusu ya shauri tu. Nusu nyingine ni hii.

Karatasi ya kwanza ni hati ya ndoa. Mahari iliyotolewa mbele ya wazee ni kitu cha heshima, lakini sheria inataka ndoa ya kimila nayo iandikishwe kwenye etasivili. Bila hati hiyo, mama anafika tribunali akiwa kama mgeni katika nyumba yake. Siku ya kuandikisha, afisa huwauliza mnachagua utaratibu gani wa mali: kila mtu na mali yake, mali yote kuwa ya pamoja, au ile tu mliyoichuma ndani ya ndoa kuwa ya pamoja. Msipochagua, sheria inawapa huo wa mwisho. Basi depo iliyozaliwa na kukua ndani ya ndoa si ya bwana peke yake kwa sababu tu jina lake ndilo liko kwenye kibao cha mlangoni.

Karatasi ya pili ni ile ya biashara, tunayoiita RCCM. Isome vizuri. Kama ni biashara ya mtu mmoja, yaani etablisma, mali yake ni mali ya mwenyewe, na inaingia katika hesabu ya mali ya ndoa. Kama ni sosiete, kwa mfano SARL, mambo yanabadilika: simenti na gari ni vya sosiete, si vya bwana wala vya bibi. Kinachohesabiwa katika ndoa ni sehemu alizo nazo bwana katika sosiete hiyo. Ndiyo maana inafaa kujua mapema sehemu ni ngapi, na nani mwingine ameandikwa.

Karatasi ya tatu ni ya parsela. Nyumba au parsela ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani kwa saini ya mmoja. Ukiletewa karatasi ya mkopo wa banki usiku, ukaambiwa «tia saini tu, ni kawaida», omba ulale nayo kwanza. Uende kwa mtu anayeisoma. Huenda saini yako inaweka paa la watoto mikononi mwa banki.

Sasa tufanye hesabu kama ubaoni. Tuseme depo ina vitu vya dola 12 000. Wateja hawajalipa 2 000. Depo nayo inadaiwa na wauzaji wa jumla 5 000. Thamani yake ni 9 000. Mama anayeangalia mabati peke yake atadai juu ya 12 000 na ataonekana mwongo. Mama asiyejua chochote ataambiwa ni sifuri, naye atanyamaza. Kwa hiyo uwe na daftari lako: ulitia nini, lini, mzigo uliingia lini, nani anadaiwa. Piga picha za fakitire na bordero za banki, uziweke mahali salama. Huyo mama yetu alisaidiwa na kitu kidogo: katibu wa kirimba aliandika zile dola 400, tarehe, na maneno «kwa ajili ya misumari».

Na kama mambo yameshafika mbali? Usivunje kufuli, usibebe mali usiku. Kosa lake litakuwa kosa lako. Talaka inatolewa na hakimu wa tribunali ya amani, Tripaix, si baraza la familia. Hakimu hujaribu kwanza kuwapatanisha. Wakati kesi inaendelea unaweza kumwomba amri za muda: chakula na karo za watoto, na mali kuhesabiwa na kulindwa ili isipotee. Omba mapema, kabla depo haijawa tupu. Asiye na pesa ya avoka aulize kwenye baro, kuna ofisi ya ushauri wa bure.

Wako watakaosema tunafundisha wamama kuvunja ndoa. Tunawajibu hivi: karatasi hizi ndizo zinazomlinda mjane siku wakwe wanapokuja na funguo mpya. Hata bwana mwema hufa. Tena tangu sheria ya 2016 iliyorekebisha Kodi ya Familia ya 1987, mke hahitaji tena ruhusa ya bwana ili afungue biashara au afike tribunali. Haki hiyo ipo, lakini haina nguvu kwa mama asiyejua hati zake zimewekwa wapi.

Kesi ya mama yetu haijaisha. Mabati yaliyoondoka hayajarudi, na ile miezi sita hatuwezi kumrudishia. Tunachoweza ni kumsindikiza kila siku ya kesi, na tunafanya hivyo kwa zamu.

Juma hili kila mmoja atafute hati yake ya ndoa. Asiyeiona aje nayo hiyo habari kwenye mkutano, tutakwenda pamoja komine.