Sindano Moja, Magonjwa Matano: Majibu kwa Wazazi wa Mbinga na Nyasa

Kuanzia Umatengoni kwenye kahawa na mashamba ya ngoro hadi Lituhi, Liuli na Mbamba Bay kandokando ya Ziwa Nyasa, chanjo inayosemwa vibaya kuliko zote ni pentavalenti, ile wauguzi wanayoiita penta. Mtoto huchomwa pajani akiwa na wiki 6, 10 na 14, ili akingwe na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Maneno yenyewe nayajibu hapa, moja baada ya jingine.

"Mtoto mchanga hawezi kubebeshwa magonjwa matano kwa mpigo." Habebeshwi hata mmoja. Ndani ya kichupa kile hamna kijidudu kilicho hai. Ya dondakoo na pepopunda ni sumu iliyokwisha kuondolewa makali, ya kifaduro ni bakteria waliouawa, ya homa ya ini na Hib ni vipande tu vya kijidudu. Tena tazama hesabu. DPT ya zamani, yaani chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, waliyochomwa watoto wetu tangu mpango wa taifa wa chanjo uanze mwaka 1975, ilikuwa na bakteria mzima wa kifaduro, ambaye peke yake ana protini zipatazo 3,000 ambazo mwili hujifunza kuzitambua. Homa ya ini ilipoongezwa mwaka 2002 ilileta kitu kimoja kipya. Hib ilipoingia mwaka 2009 ilileta viwili. Mzigo haukuongezeka kwa kiasi cha kutisha mtu. Kilichopungua ni maumivu: kama hizo tatu zingechomwa mbalimbali, mtoto angepata sindano tisa badala ya tatu.

"Alipochanjwa alipata homa, kwa hiyo imemdhuru." Homa ya siku moja au mbili na paja kuvimba ni mambo ya kawaida, na mara nyingi hutokana na ile sehemu ya kifaduro. Mnyonyeshe mara kwa mara, mpe parasetamo kwa kipimo alichokuelekeza muuguzi, na usipake dawa yoyote ya miti pale alipochomwa. Akipata degedege, akilia mfululizo zaidi ya saa tatu, au akipumua kwa shida, mrudishe haraka. Mzio mkali upo, sitauficha, lakini ni wa takriban dozi moja katika milioni.

"Homa ya ini ni ugonjwa wa wakubwa, mtoto inamhusu nini?" Dai hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu ukweli uko kinyume kabisa. Mtu mzima akiambukizwa virusi vya aina ya B, mara nyingi mwili huvifukuza. Wanaobaki navyo ni chini ya 1 kati ya 20. Mtoto mchanga akiambukizwa, 9 kati ya 10 hubaki navyo maisha yote. Huonekana mzima, anasoma, anaoa au anaolewa, kisha akiwa mtu wa makamo ini linaweza kusinyaa au kuota saratani. Ugonjwa wa wakubwa huo huanzia utotoni, na utotoni ndiko unakozuiwa.

"Chanjo inaua uzazi." Wenye dai hili hutaja maaskofu Katoliki wa Kenya waliotilia shaka chanjo ya pepopunda mwaka 2014. Nawaheshimu maaskofu, lakini tazameni sensa zetu wenyewe. Mwaka 2002 Watanzania tulikuwa milioni 34.4, mwaka 2022 tulikuwa milioni 61.7. Wengi wa wazazi walioleta ongezeko hilo walichanjwa pepopunda wakiwa wadogo, na akina mama wakachomwa tena wakiwa wajawazito.

"Magonjwa hayo yalikwisha." Dondakoo iliibuka Nigeria mwishoni mwa 2022 na kuua mamia ya watu, wengi wao watoto. Polio si mojawapo ya yale matano, ila jirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya ziwa, walitangaza kuipata Lilongwe mwezi Februari 2022, na mwezi uliofuata Ruvuma ilikuwa miongoni mwa mikoa minne iliyotangulia kupewa matone. Pepopunda ndiyo haitakwisha kamwe, maana inakaa udongoni. Hata kijiji kizima kikichanjwa, wa kwako asipochanjwa hana kinga.

"Zikifika huku kwetu zimeshaharibika." Swali hili ni la haki, na jibu lake unaweza kulitazama kwa macho yako. Kwenye kichupa kuna alama ya duara, na katikati yake kimraba cheupe. Joto linapozidi, kimraba huanza kuwa cheusi. Kikilingana rangi na duara au kuzidi, chanjo hiyo hutupwa. Mwombe muuguzi akuonyeshe kabla hajavuta dawa.

Mafua madogo au kikohozi chepesi si sababu ya kuahirisha. Na kama ulikosa dozi kwa ajili ya mvua, msiba au mavuno ya kahawa, haianzwi upya, inaendelezwa pale ilipoishia. Mama, baba, fungua kadi ya kliniki leo. Ukiona nafasi iliyo wazi, mpeleke mtoto zahanati siku ya kliniki inayofuata.